Mtego Niliomtegea Mkulima wa Mwezi

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka, maana aibu hii nimeibeba miezi mingi na kila nikipita pale ukumbi wa parokia Karatu nageuza uso upande wa pili kama mtu anayetafuta duka ambalo halipo. Wengi wenu mmeisikia nusunusu, tena imetiwa chumvi (Qamara, naona unatazama chini, tutafika kwako), basi leo nawapa yote, kuanzia siku niliyotoka nje ya barabara mpaka siku niliyoshika kipaza sauti, na mtu asiniongezee neno.

Mnajua kazi yangu ni kupeleka watalii, nashuka kreta ya Ngorongoro na kupanda kuliko mnavyopanda vitanda vyenu, na kazi yenyewe yote ni macho. Mgeni anaona nyasi, mimi naona sikio la simba. Sasa sijui nilizaliwa na wasiwasi au kazi ndiyo iliyonitia wasiwasi, ila mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja lazima nijiulize anataka nini. Mke wangu Martina husema mimi ningeweza kumshuku hata mtoto anayebatizwa.

Basi masika ile nilikuwa na wageni wawili, bibi na bwana, wazee wa watu, siku yao ya mwisho, na walikuwa wameona kila kitu isipokuwa faru. Saa tano hivi, karibu na msitu wa Lerai, nikamwona, mbali, mgongo tu umejitokeza, yule bibi akashika kiti changu kwa nyuma akasema maskini hataweza kurudi tena Afrika. Na mnajua sheria ya kule chini, hakuna kutoka nje ya barabara, si gurudumu moja, na kampuni yetu ina sheria fupi zaidi: ukitoka barabarani umetoka kazini. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikakata kidogo tu. Kidogo hicho kikanizamisha topeni mpaka ekseli. Faru mwenyewe akaondoka zake bila hata kutuangalia.

Aliyekuja kunivuta ni Qamara, dereva mwenzangu wa kampuni hiyohiyo. Nilimwita redioni kwa lugha yetu ya madereva (tuna majina yetu ya wanyama, simba tunamwita Masharubu, faru tunamwita Mzee Pembe, ili wageni wasijue tunakimbilia wapi), nikamwambia "Mzee Pembe amenikalisha, njoo na kamba." Akanivuta, tukafukia alama za matairi kwa majani kama wezi wa mahindi, tukaapizana pale pale kwamba jambo hili litakufa nasi. Nikampa soda. Nikajua yameisha.

Sasa ndipo anaingia Mkulima wa Mwezi.

Asiyemjua anyooshe mkono nimhurumie. Kwa miaka miwili kulikuwa na mtu, hajulikani ni nani, kila Ijumaa jioni hadithi yake inatumwa, kwa namba asiyoijua mtu, kwenye kundi la watsapu la watu wa Karatu, na jina lake ni hilo tu, Mkulima wa Mwezi. Hadithi kama zile hamjapata kusoma. Kuna ile ya akina mama wanaopanda ngwara, yale maharage yetu ya huku, mwezini, na ukitega sikio wakati wa palizi unasikia jembe linagonga jiwe huko juu. Kuna ile ya mbuzi aliyemeza jua la sayari jirani, wakamkamua maziwa yanang'aa, watoto wakasoma kwa mwanga wake. Lakini kubwa kuliko zote ni ile ndefu, *Kreta ya Pili*, ya kreta inayoelea angani na ng'ombe wanaokula mwanga, na vyombo vinavyoshusha wageni kutoka nyota nyingine kuja kutazama. Nilikuwa naipenda, siwafichi. Nilikuwa nasimamisha gari pale mlimani kabla mtandao haujapotea, naisoma, halafu ndipo nashuka.

Ijumaa moja nikasoma kwamba ametokea mhusika mpya, Kapteni Domokaya, rubani wa chombo cha wageni. Mdomo mpana, moyo mdogo. Huyu Domokaya siku moja alikuwa na wageni wawili wazee, wanataka kumwona mnyama wa pembe moja, basi akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoka nje ya njia ya nyota, akazama kwenye vumbi la mwezi mpaka kiunoni mwa chombo. Akamwita rubani mwenzake redioni: "Mzee Pembe amenikalisha." Wakafukia alama. Wakaapizana. Akampa mwenzake soda ya sayari.

Ndugu zangu! Soda! Hata soda aliijua!

Na hatari ilikuwa hii: bosi wetu, Mama Elia, alikuwa msomaji namba moja wa hadithi hizo. Kila Jumatatu asubuhi anakuja uwanja wa magari anatusimulia kipande cha Ijumaa kana kwamba sisi hatuna simu. Jumatatu hiyo alimcheka Domokaya mpaka akafuta machozi, kisha akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Bahati yake ni rubani wa huko. Angekuwa dereva wangu, angekuwa nyumbani." Mimi nikacheka kwa nguvu kuliko wote. Nilikuwa na mke, na mtoto wetu Neema darasa la pili, na nyumba kule Qurus haijapigwa hata lipu, na kazi nyingine siijui. Nikaapa nitamtafuta huyo Mkulima, nimpigie magoti, afute, au amuue Domokaya kabla bosi hajaunganisha.

Nikaanza kuwatazama watu kama ninavyotazama nyasi. Wa kwanza ni Qamara, ndiyo, usikohoe, wewe ndiye ulikuwepo na soda uliinywa wewe. Wa pili ni Mwalimu Basili, jirani yangu, anafundisha Kiswahili sekondari, anaongea kama kitabu hata akinunua nyanya, na wiki ileile aliniuliza faru analala saa ngapi. Mtu mwema anayeuliza faru analala saa ngapi ni nani? Wa tatu ni Lemayan, mlinzi wa uwanja wetu, mtu wa huko juu Ngorongoro, ambaye jioni ile niliporudi alilizunguka gari langu mara mbili kimya, akachomoa jani lenye tope kwenye taa, akalinusa, akasema tu, "Kreta imelowa leo." Haya, huyo anaijua mvua ya kila bonde kwa harufu, angeshindwa kuandika?

Nikatega mtego. Niliona mwenyewe kuwa ni mtego wa akili sana. Kila mmoja nitampa siri ya uongo, ya peke yake, halafu nangoja Ijumaa, siri itakayotokea kwa Domokaya ndiyo itakayonionyesha mwizi. Qamara nikamwambia kwa huzuni kwamba tangu utotoni naogopa kuku. Mwalimu Basili nikamwambia najifunza Kirusi kimyakimya. Lemayan nikamwambia nataka kununua ngamia niwe napandisha wageni, asimwambie mtu.

Wiki haijaisha, madereva wote stendi wananiwikia. Mzee mmoja mwenye shuka jekundu akanifuata mpaka nyumbani, katoka mbali, ameketi barazani na Martina wangu wanangoja nitaje bei ya ngamia watatu. Na Kirusi? Kirusi kilimfikia Mama Elia, akafurahi, akanipa familia ya Warusi siku mbili nzima. Nilitabasamu siku mbili, jamani. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, nikawa naonyesha wanyama kwa kidole.

Ijumaa hiyo ikapita bila Domokaya, na Jumapili nikampigia simu mama mkwe. Hapa niwaeleze, maana wengine hamjaoa. Mama yake Martina anaishi Kansay, peke yake tangu mzee afariki, analima ngwara na mahindi, ana ng'ombe wawili, na kila Jumapili baada ya misa mimi humpigia. Si Martina, ni mimi. Mkwe ukimwacha bila habari ni kama umemwacha bila chakula, ndivyo nilivyolelewa. Na yeye si mtu wa maneno, anasema "Enhe" tu, "Enhe, Baba Neema, ikawaje?" na mimi namweleza wiki nzima, nani nilimbeba, simba alilala wapi, nani kagombana na nani. Basi Jumapili ile nikamweleza mtego wangu wote, kuku, Kirusi, ngamia, na jinsi huyo fisadi wa kalamu atakavyonasa. Akasema, "Baba Neema, Mungu amekupa akili." Nikafurahi kusifiwa.

Ijumaa iliyofuata ikafika. Nikasimamisha gari palepale mlimani nikafungua simu. Kapteni Domokaya anaogopa kuku wa angani. Kapteni Domokaya amewadanganya wageni wa sayari ya barafu kwamba anajua lugha yao, anatabasamu tu. Kapteni Domokaya ametokewa na mzee mwenye ngamia wa nundu tatu. Na mwishoni, sikilizeni, mwishoni Domokaya anakaa peke yake chomboni akijisifu kwamba ametega mtego wa akili sana.

Zote tatu! Nikahesabu tena, zote tatu. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza ni nani alizijua zote tatu. Mimi, dereva wa macho makali, nikaona jambo moja tu, kwamba hawa jamaa wameungana. Mkulima wa Mwezi si mtu mmoja, ni kamati. Wanakutana, labda kwa Mwalimu, Qamara analeta habari, Lemayan anaongeza harufu, Mwalimu anapamba, na mimi ndiye nyama ya kamati. Tangu siku hiyo nikiwaona wawili wamesimama pamoja nabadili njia.

Halafu likaja tangazo: *Kreta ya Pili* imekuwa kitabu, kitazinduliwa Jumamosi ukumbi wa parokia, na Mkulima wa Mwezi ataonyesha uso wake kwa mara ya kwanza. Mgeni rasmi: Mama Elia. Wafanyakazi wote tufike. Usingizi ukaniisha. Nikajua siku hiyo wale watatu watapanda jukwaani, watacheka, watasema Domokaya ni mimi, Damiano, na nitatoka ukumbini bila kazi. Nikaamua nitawawahi. Nitasimama kwanza, niwaumbue kama walaghai walioiba siri za watu, watu wawazomee, na wakizomewa nani atawaamini?

Asubuhi ya Jumamosi mama mkwe akapiga simu (yeye, ambaye hapigi) akasema ana shughuli kidogo mjini, nimfuate. Nikaenda Kansay. Nikamkuta mlangoni amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, na pembeni yake boksi limefungwa kamba ya katani. Nikalinyanyua, zito mno, nikadhani ngwara. Mkwe haulizwi "Mama, umebeba nini?" kama uko getini, kwa hiyo nikalipakia nikafunga mdomo. Njiani akaniuliza mbona kimya leo. Nikamwambia, "Mama, leo nakwenda kumaliza watu." Akasema, "Enhe." Nikamweleza kamati yote. Akageuza uso dirishani akawa anatazama mashamba mpaka tunafika, na mabega yalikuwa yanamtikisika. Nikajua ni barabara mbovu.

Ukumbi umejaa. Mama mkwe akaniambia, "Boksi liweke pale mezani mbele, Baba Neema." Nikalibeba begani katikati ya watu wote, nikaliweka mbele ya mgeni rasmi, nikasikia watu wa mbele wananipigia makofi kidogo, nikashangaa kwa nini ngwara zinapigiwa makofi. Martina alikuwa mstari wa mbele na kwaya, hakunitazama. Na nyuma, nawaambia ukweli, Qamara, Mwalimu Basili na Lemayan walikuwa wamekaa benchi moja, wanacheka.

Mshereheshaji akasema kabla ya kumwita mtunzi, wasomaji wawili watatu waseme neno. Nikawa wa kwanza. Nikapokea kipaza sauti, kikalia kwi, nikasema:

"Mimi naitwa Damiano, na Kapteni Domokaya ni mimi!"

Makofi! Ukumbi mzima ukadhani ni igizo. Makofi yakanipa nguvu, na hapo ndipo mtu hupotea.

"Msipige makofi! Hizi siri zimeibwa! Qamara, simama! Tuliapizana! Ulinivuta kwenye tope pale Lerai, nikakupa soda, ukasema hutamwambia hata mkeo! Leo dunia nzima inajua nilitoka nje ya barabara kumfuata faru!"

Makofi yakafa taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Qamara alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mama Elia akavua miwani, akaifuta kwa upande wa khanga, akaivaa tena.

"Tope lipi, Damiano?"

Ndugu zangu, pale palipo na mlango mtu huutumia. Mimi niliupita. Nikasema, "Ngoja, Mama, nina ushahidi! Mkulima wa Mwezi ni hawa watatu! Niliwatega! Huyu nilimwambia naogopa kuku, uongo! Yule nilimwambia ngamia, uongo! Mwalimu nilimwambia najifunza Kirusi, uongo mtupu!"

"Kwa hiyo Kirusi hujui," akasema Mama Elia, polepole. "Na wale wageni wangu?"

Kicheko kilichotoka hapo sijapata kukisikia hata kwenye harusi. Mwalimu Basili akasimama, uso umemkunjamana, si kwa hasira, kwa kuumia, akasema, "Jirani, mimi nilikuamini. Nilikununulia kamusi." Na kweli, alikuwa nayo mkononi, imefungwa kwa karatasi ya zawadi. Niliumia pale kuliko popote. Lemayan yeye akauliza tu, kwa sauti ya chini lakini ukumbi ulikuwa umetulia, "Na yule mzee wa ngamia nimwambie nini?"

Mshereheshaji, maskini, akaninyang'anya kipaza sauti, akakohoa, akasema labda sasa tumkaribishe mtunzi mwenyewe. Nikageuka kutazama benchi la nyuma ili nimwone atakayesimama. Hakusimama mtu. Nikasikia viti vinasogezwa mbele. Nikageuka, nikamwona mama mkwe wangu, na kitenge chake kipya, anakata kamba ya katani kwa kisu cha jikoni, na kwenye boksi hakuna ngwara hata punje moja, ni vitabu, na juu ya jalada kuna chombo cha angani kimezama mpaka kiunoni.

Nikakaa palepale sakafuni.

Akashika kipaza sauti kama anavyoshika jembe. "Watu wa Mungu," akasema, "naandika kwenye madaftari ya shule, Martina ananichapia kwenye simu. Huyu mkwe wangu msimcheke sana. Nimezaliwa hapa, nimezeeka hapa, ule ukingo wa kreta nauona kila siku nikiwa shambani, na ndani yake sijawahi kushuka. Marehemu baba yake Martina alikuwa mtu wa kimya, hakuna aliyeniletea habari. Huyu alipomwoa binti yangu akaanza kunipigia kila Jumapili. Alinishusha kreta kwa simu, miaka tisa. *Kreta ya Pili* nimeijenga kwa maneno yake. Domokaya nilimwandika kwa sababu nampenda." Akanigeukia. "Nisamehe, baba. Mwanzoni nilidhani unajua. Kila kitu kilikuwa chako, hata tope na soda ulinisimulia mwenyewe, ungekosaje kujua?"

Nililia, sioni haya kusema. Nililia mbele ya kwaya, mbele ya bosi, na Mama Elia naye akafuta macho, nikapata tumaini, mpaka aliponiinamia sikioni akasema, "Kitabu kizuri sana. Jumatatu, ofisini, saa mbili."

Sikufukuzwa, ila ni kwa sababu mama mkwe naye alikuja Jumatatu hiyo bila kuitwa, akakaa kwenye kiti cha wageni, akafungua daftari, akasema yeye yupo tu. Nilishushwa usukani miezi mitatu, nikawa naosha magari chini ya Lemayan, na Lemayan akikagua ananusa. Qamara alipewa onyo la maandishi kwa ajili ya soda yangu. Mwalimu Basili nilimpelekea jogoo kuomba radhi, akaipokea radhi, akauliza kama sikuogopa kumshika. Kamusi ninayo, na maneno kumi na moja ya Kirusi ninayajua sasa.

Basi funzo nililopata ni kwamba macho ya kuona sikio la simba kwenye nyasi hayasaidii kitu kama mtu aliyekaa kiti cha mbele humwoni. Na nimeapa sitamshuku rafiki kabla sijajiuliza mdomo wangu ulipita wapi.

Niliporudishiwa usukani, safari ya kwanza Mama Elia alinipa gari nimshushe mama mkwe kreta. Alikaa mbele, mkoba mapajani. Alitazama nyumbu, akatazama ziwa, akatazama ukuta wa kreta pande zote, akasema, "Ile ya kwangu ni kubwa kidogo." Tukafika Lerai. Na mbali, mbali kabisa, mgongo. Nikamwonyesha. Akasogea mbele mpaka pua ikagusa kioo.

"Baba Neema," akasema, "si ukate tu hapo kidogo, tumwone vizuri? Mwaka huu au mwakani sipo tena."

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikazima gari.

"Mama," nikasema, "hapana. Utaandika."

Akasema, "Enhe," akafungua mkoba akatoa daftari.